Sura ya Saba: Onyo Lisilosomeka

"Namba niliiweka mimi, Afande. Hilo sikatai leo, na sitalikataa mbele ya hakimu."

Inspekta aliweka kalamu chini. Hakuwapenda washukiwa wa namna hii. Mwongo unamvizia, anajikwaa, unamdaka. Lakini mtu anayekiri nusu ya jambo na kukana nusu nyingine anakutwisha mzigo wote wewe, halafu anakaa anakutazama ukiubeba.

Aliyekaa mbele yake aliitwa Mama Pacha na kila mtu, hata na askari wa zamu waliomletea chai. Alikuwa mwendesha mitambo katika kituo cha kusafisha maji. Wiki iliyopita, asubuhi, mara tu baada ya kupokea zamu, alikaa kwenye kompyuta, akaiamuru ifungue vali ya klorini, akaandika arubaini. Gesi ikafumuka chini kwenye nyumba ya pampu. Aliyekuwa huko chini ni yule yule aliyemkabidhi zamu. Alikuwa amepitia kuchukua koti lake ili aende nyumbani kulala. Mtu huyo ni mume wa dada yake mkubwa. Sasa alikuwa hospitali, bomba kooni, na hajafumbua macho.

Mwendesha mashtaka alilitaka jalada kabla mahakama haijafungwa siku hiyo. Shtaka lilikuwa limeshaandikwa: uzembe uliosababisha madhara makubwa. Shemeji akifa, wangelirekebisha liwe zito zaidi.

"Arubaini ya nini?" Inspekta aliuliza.

"Asilimia. Vali ikifunguka yote ni mia. Maji yakiwa na tope tunaweka arubaini. Miaka yote tunaweka hivyo."

"Mkuu wa kituo anasema programu imebadilishwa. Namba siku hizi ni kilo kwa saa, na mwisho wake ni mbili. Anasema onyo limeandikwa wazi kwenye maelezo ya msaada, nawe umelipuuza."

"Hakukuwa na onyo."

"Uliangalia?"

"Tulisomeana."

Inspekta alimtaka aeleze, naye akaeleza bila haraka. Zamani mtu mmoja alichanganya vali, maji yakafurika mtaa mzima, na tangu hapo Mkuu akatoa amri. Hakuna anayepokea zamu kimyakimya. Anayetoka anaandika jina la programu na neno msaada, maelezo yanatokea kwenye skrini, anayasoma kwa sauti mstari kwa mstari. Anayeingia anayarudia. Wakimaliza ndipo wanapeana kiti.

"Siku ile shemeji alinisomea mwenyewe. 'Kiwango cha klorini, sifuri hadi mia, asilimia ya vali.' Nikarudia. Akanitania kwamba sauti yangu ni ya mtu ambaye hajanywa chai. Akaondoka." Aliinua macho. "Afande, umepita hospitali? Dada yangu ameniulizia?"

Inspekta alikuwa amepita. Dada mkubwa alisimama mlangoni mwa wodi akasema maneno matatu tu: "Mwambie asikanyage huku." Uongo mdogo ungemfaa huyu mama kwa sasa, lakini Inspekta hakuwa fundi wa uongo mdogo.

"Nitakwenda kituoni kwanza," alisema, akainuka.

*

Chumba cha mitambo kilinuka dawa mpaka leo. Ukanda wa polisi ulikuwa bado mlangoni. Ndani kulikuwa na meza ndefu, skrini mbili, feni iliyolalamika kila ilipogeuka kushoto, na wanaume wawili waliosimama mbalimbali kama majirani waliogombania mpaka.

Wa kwanza alikuwa Mkuu wa kituo, shati limenyooshwa, simu kwenye mfuko wa kifuani. Wa pili alikuwa mtunzi wa programu, mtu wa kibarua cha mkataba. Wote walimwita Miwani, naye alikuwa ameshakata tamaa ya kuitwa vingine.

"Karibu Afande. Kazi ni nyepesi, nimekurahisishia," Mkuu alisema. Aligusa kibodi, faili likafunguka. "Haya ndiyo matumbo ya programu yenyewe. Soma hapo."

Inspekta aliinama. Katikati ya msitu wa mabano palikuwa na mstari wa maneno ya watu: *ONYO: usizidishe 2. Namba si tena 100% ya vali, ni kilo kwa saa.*

"Na tarehe ya faili ni ya mwezi uliopita," Mkuu aliongeza. "Tazama pembeni. Onyo lilikuwapo wiki kadhaa kabla ya ajali. Mimi pia roho inaniuma, yule mama ni mchapakazi. Lakini sheria ni msumeno."

Inspekta aliutazama huo msumeno na jinsi ulivyokuwa ukikata upande mmoja tu.

"Huu utaratibu wa kusomeana, Mkuu. Unafuatwa kweli au ni wa kuonyesha wageni?"

"Unafuatwa. Ni amri yangu."

"Kila zamu?"

"Kila zamu, Afande. Hapa hakuna mchezo. Hata siku ile walisomeana. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nikawasikia."

"Ukawasikia wakisoma onyo?"

Mkuu alisita kidogo tu, kama mtu anayepima kina cha dimbwi kwa mguu. "Nikawasikia wakilisoma onyo. Kwa masikio yangu."

"Nitaandika hivyo?"

"Andika."

Inspekta aliandika, akampa kalamu, Mkuu akaweka sahihi kwa mbwembwe. Miwani alikuwa akitazama viatu vyake.

"Sawa. Sasa sitaki matumbo," Inspekta alisema. "Nataka uso. Niitie msaada kama wanavyouita wao, niuone walivyouona."

"Si umeshasoma hapa? Maneno ni yale yale."

"Mkuu, nikienda kununua samaki siangalii picha yake. Niitie."

Mkuu alivuta kiti. Aliandika jina la programu, akaandika neno msaada, akabonyeza. Skrini haikuonyesha maelezo yoyote. Iliporomosha mistari mingi ya haraka haraka, na mwisho wake ukasema kwamba herufi 'y' haieleweki kwenye muundo. Kisha kishale kikarudi mwanzo wa mstari, kikawa kinapepesa.

Kwenye mfuko wa kifuani wa Mkuu simu ililia mara moja. Ya Miwani ikatetema ndani ya suruali. Hakuna aliyegusa yake.

"Rudia," Inspekta alisema.

Mkuu alirudia. Mistari iliporomoka vilevile, simu zikalia vilevile.

Mkuu ndiye aliyepata maneno kwanza, na aliyapata upesi. "Basi ndiyo umeona mwenyewe. Yule mama anasema walisoma msaada. Msaada hausomeki! Ametudanganya sote."

Inspekta aliyapima maneno hayo. Ilikuwa kweli. Kama huu ndio msaada uliokuwapo siku ile, Mama Pacha na shemeji yake hawakusomeana chochote, na ile hadithi ya chai ilikuwa ya kubuni. Alimfikiria yule mwanamke alivyokaa bila kujitetea, akakasirika. Alikuwa ameanza kumwamini, na kuamini mapema ni ugonjwa mbaya katika kazi hii.

"Miwani," alisema. "Hii programu ni yako. Kwa nini inaanguka?"

Mtunzi wa programu alisogea kwenye skrini. Alisoma mstari wa mwisho, akavua miwani yenyewe, akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tena.

"Ni alama ya asilimia," alisema.

"Sema Kiswahili cha watu."

"Nasema, Afande. Programu hii sikuijenga yote mwenyewe, hakuna anayejenga yote. Kuna kipande kilichotungwa na wengine, kazi yake ni kupokea amri na kuonyesha msaada. Sasa hicho kipande kina tabia yake. Kikikuta alama ya asilimia ndani ya maelezo, hakioni asilimia. Kinaona pengo la kujaza. Kinadhani umekiambia, weka hapa thamani fulani. Hapa kimekuta alama, nafasi, halafu 'ya'. Kikatafuta cha kujaza, hakuna, kikaanguka."

"Na vali inafanya kazi vilevile?"

"Vilevile. Maelezo hayaguswi mpaka mtu aite msaada. Usipouita, programu itakwenda hata mwaka mzima na hutajua kama kuna ubovu."

"Kwa hiyo mtu haruhusiwi kuandika asilimia kwenye maelezo? Katika kituo cha kupimia dawa?"

"Anaruhusiwa. Anaandika alama mara mbili, zikifuatana. Kipande kikiona mbili kinaelewa kwamba umemaanisha asilimia kweli, kinaonyesha moja. Ni jambo la mtoto wa darasa la kwanza katika kazi yetu. Kila mmoja wetu limemuuma siku moja, na halimuumi tena."

"Basi wewe limekuuma leo," Mkuu alidakia. "Afande, programu ya nani? Maneno ya nani? Huyu kaharibu msaada, watu hawakuweza kusoma onyo, mtu yuko mahututi. Mimi ni mtumiaji tu hapa."

Ilikuwa hoja nzuri, na Inspekta alichukia uzuri wake. Sasa Mama Pacha alikuwa mwongo na Miwani mzembe, na Mkuu peke yake ndiye aliyesimama pakavu. Alimgeukia Miwani, akamsogelea mpaka yule bwana akarudi nyuma na kugusa feni.

"Nani anaweza kuingia kwenye faili hili?"

"Mimi. Na Mkuu. Nywila tunazo wawili."

"Chumba tulikifunga siku ya ajali."

"Si lazima uwe hapa. Unaweza kuingia kutoka ofisini kwake kule juu, au mimi kutoka nyumbani."

"Tarehe?"

"Tarehe ya faili si kitu, Afande. Mwenye nywila anaandika aipendayo."

"Uliandika wewe hilo onyo?"

Miwani alinyamaza. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Inspekta aliwahi kuona kimya cha aina hiyo mara nyingi, na mara nyingi kilikuwa cha mwenye hatia.

"Nimekuuliza."

"Nina mkataba hapa," Miwani alisema kwa sauti ndogo. "Unakwisha mwezi ujao."

"Na yule mama ana pacha kule nyumbani. Sikukuuliza habari za mkataba."

Miwani alirudi kutazama viatu vyake. Inspekta aliachana naye kwa hasira, akakaa kwenye kiti mwenyewe. Hakujua kompyuta zaidi ya kuandika ripoti, lakini kupandisha na kushusha kurasa alijua. Alipandisha. Faili lilikuwa refu, lenye maelezo ya kila vali: ya chokaa, ya kuchuja, ya kutoa tope, ya hewa. Mengi yalitaja asilimia, na kila alipokuta alama ilikuwa imeandikwa mara mbili. Akashusha mpaka kwenye klorini. Hata hapo, mstari wa zamani uliokaa juu ya onyo ulisema *Kiwango cha klorini, 0 hadi 100%% ya vali.* Mara mbili. Onyo lililofuata, mara moja.

"Hizi zote uliandika wewe?" aliuliza bila kugeuka.

"Zote."

"Umeandika alama mbili kila mahali, hujasahau hata mahali pamoja. Halafu ukafika kwenye mstari mmoja tu, ule muhimu kuliko yote, ukasahau?"

Miwani alimtupia Mkuu jicho.

"Mkono uliozoea haukosei hivyo," Inspekta alisema. "Hapa ameandika mtu aliyeona maneno ya mwenzake akadhani zile alama mbili ni kidole kilichoteleza. Akaandika vizuri, kama tulivyofundishwa shule."

Feni ililalamika upande wa kushoto. Mkuu alikohoa.

"Hizo ni dhana, Afande. Anaweza kusahau. Binadamu si malaika."

"Kweli. Ndiyo maana sijamaliza. Simu yako imelia mara mbili sasa hivi, Mkuu. Ya Miwani pia. Kwa nini?"

Miwani ndiye aliyejibu, na safari hii sauti ilikuwa na uhai kidogo. "Programu yoyote ya hapa ikianguka, inatuma ujumbe kwetu wawili. Mkuu mwenyewe alitaka hivyo. Alisema hataki kuwa wa mwisho kujua."

"Jambo jema. Naomba simu zote mbili juu ya meza."

Ya Miwani ilitua mara moja. Ya Mkuu ilichukua muda kutoka mfukoni, kana kwamba mfuko ulikuwa umekua kina. Inspekta alizisoma moja baada ya nyingine. Ujumbe wa leo, wa kwanza na wa pili. Kabla yake, ujumbe wa miezi mingi nyuma, programu ya pampu ya tope ilipoanguka. Kati ya hapo, hakuna.

"Nisaidie kufikiri, Mkuu. Umeniambia kila zamu wanasomeana. Umetia sahihi. Onyo hili, unasema, limekaa humu tangu mwezi uliopita. Kila anayeita msaada likiwa humu, programu inaanguka. Kila ikianguka, simu yako inalia. Asubuhi, mchana na usiku, tangu mwezi uliopita. Mbona haikulia?"

Mkuu alilamba midomo. "Labda walikuwa hawasomeani. Wavivu wale."

"Uliwasikia kwa masikio yako. Ulisema niandike."

"Labda walisoma kwa kichwa, walishakariri..."

"Wakakariri onyo ambalo halijawahi kuonekana kwenye skrini hata siku moja?"

Inspekta hakungoja jibu. Alisema taratibu, kwa maana alitaka kila neno liingie. "Siku ya ajali msaada ulisomeka vizuri. Simu yako inashuhudia kwa kunyamaza kwake. Watu wawili walisomeana mstari wa zamani, sifuri hadi mia, na yule mama akaweka arubaini kama alivyosomewa. Gesi ikatoka. Chumba kikafungwa, hakuna aliyeita msaada tena mpaka ulipouita wewe hapa mbele yangu. Katikati ya siku hizo mtu mwenye nywila, asiyejua tabia ya asilimia, aliingia akaandika onyo na kurudisha tarehe nyuma. Hakujaribu kama linasomeka. Alitaka lionekane na polisi, si na wafanyakazi."

"Huna ushahidi kwamba ni mimi."

"Nina sahihi yako kwamba ulisikia kitu kisichoweza kusikika. Tuanzie hapo."

Miwani alisogea mbele. Alivuta simu yake kutoka mezani bila kuomba ruhusa. "Afande, nilimwambia asiiwashe."

"Nini?"

"Programu mpya, hii ya kilo. Haikuwa tayari. Sikuwa nimeweka kikomo cha kukataa namba kubwa, sikuwa nimegusa maelezo, watu sikuwa nimewafundisha. Nilimtumia ujumbe wa sauti usiku wa kuamkia ajali. Akanijibu."

Alibonyeza. Sauti ya Mkuu ilitoka kwenye simu, changamfu, na nyuma yake vijiko vilikuwa vikigonga sahani: "Nimeshaiwasha, bwana. Wakubwa wanakuja kesho kukagua, wataka kuona mpya. Hayo mafunzo utawapa wiki ijayo. Acha uoga."

Inspekta aliisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimgeukia Miwani, na hasira iliyompanda ilimshangaza yeye mwenyewe. "Sauti hii unayo wiki nzima. Mwanamke amelala mahabusu. Umekaa nayo mfukoni?"

"Nilidhani mtaigundua wenyewe," Miwani alisema, na machozi yakamlengalenga. "Niliogopa, Afande. Sina lingine la kusema."

"Utalisema hilo hilo mahakamani."

Mkuu alikuwa ameketi. Alionekana mdogo ndani ya shati lake. "Mimi sikumtaka mtu aumie," alisema. "Yule mzee nimefanya naye kazi tangu ujana wangu. Alinifundisha kushika spana. Nilipoona amelala vile, nikaona nami nimekwisha, basi nikaandika lile onyo. Yule mama angepewa faini, nilidhani. Ningemchangia."

"Ungemchangia," Inspekta alirudia. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa ameshafika mwisho wake. Alimwita askari aliyekuwa koridoni.

*

Mama Pacha alisikiliza habari yote akiwa amesimama. Inspekta alimwambia kwamba jalada halitakwenda mahakamani kwa jina lake, kwamba atatoa maelezo kama shahidi, na kwamba anaweza kwenda nyumbani sasa hivi. Hakuruka wala kushukuru.

"Dada anajua?"

"Bado."

"Mpigie, Afande. Mimi nikimpigia hapokei."

Inspekta alipiga, akaweka sauti ya juu, akaeleza kwa ufupi: nani aliwasha, nani aliandika, nani hakujua. Upande wa pili mashine za wodi zililia polepole. Dada mkubwa hakumkatiza hata mara moja.

"Yupo hapo?" dada mkubwa aliuliza.

"Nipo, dada."

"Nimesikia. Si kosa lako. Nimesikia yote." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu ambaye hajalala. "Lakini mkono uliobonyeza ni wako."

Mama Pacha alifumba macho. "Ni wangu, dada."

"Basi ulete huku. Wangu umechoka kumshika."